Kusoma Kazi ya Leta

Ndugu wengi waniuliza, nyumbani, sokoni, hata ndani ya mtumbwi tukivuka kwenda Lubunga: "Wewe mtu mzima, una mke na watoto watano, ulikwenda kutafuta nini tena Chuo Kikuu? Na ukachagua masomo gani? Utawala! Je, kazi ya Leta inasomwa?" Wasomaji wa mbali wajue kwamba hapa Kisangani neno Leta ni neno la Kifaransa lililovaa nguo za kwetu, maana yake ni Serikali. Wazee walilitumia pamoja na jina lingine, Bula Matari, yaani mvunja mawe, ambalo kwanza lilikuwa jina la utani la Stanley, kisha likawa jina la serikali nzima ya Wazungu. Mvunja mawe hasomi. Huinua nyundo tu. Ndiyo maana watu hucheka wakisikia kwamba wako wanaokaa miaka mitano darasani ili wajifunze kazi hiyo. Basi nimeona afadhali niandike jibu langu mara moja, nipate kunyamaza mtumbwini.

Kwanza masomo yenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Kisangani kuna kitivo cha mambo ya jamii, utawala na siasa. Wakati wangu tulisoma kwanza miaka 3 ya gradua, halafu miaka 2 ya lisansi. Na hiyo lisansi ya zamani, ingawa jina lake lasikika dogo, ndiyo shahada ya pili ambayo jirani zetu wa Uganda na Tanzania wangeilinganisha na masta. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 utaratibu umeanza kugeuzwa: lisansi imekuwa shahada ya kwanza, ya miaka 3, kisha yaja masta ya miaka 2, kisha udaktari. Vijana wasije wakachanganya majina. Mwenye lisansi ya zamani na mwenye lisansi mpya hawakupanda ngazi sawa, na makarani wa kupokea barua za kuomba kazi nao hawajazoea bado. Mimi nilipata gradua mwaka 2006, nikaishia hapo kwa kukosa fedha. Nilirudi kwa ajili ya lisansi mwaka 2018, nikiwa tayari na mvi mbili tatu, na wanafunzi wenzangu wakaniita Papa tangu siku ya kwanza.

Lazima niseme habari za babu yangu, maana bila yeye hamu hii isingalinijia. Babu alikuwa karani wa serikali hapa mjini, enzi mji ulipoitwa Stanleyville. Siku zile karani Mwafrika alikuwa mtu wa heshima, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni. Aliandika, alinakili, alihesabu, alitunza mafaili. Lakini kuamua jambo haikuwa kazi yake. Hata Patrice Lumumba, kabla ya kuwa mtu wa kujulikana duniani, alikuwa karani wa posta hapa hapa mpaka mwaka 1956, naye alijisomea usiku kama walivyofanya makarani wengi. Ngazi ilikuwapo, ila vipande vya juu vilikuwa vimekatwa. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa karibu na Leopoldville mwaka 1954 tu. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokwisha kupata shahada ya chuo kikuu hawakufika hata 30. Na katika vyeo vya juu vya utumishi wa serikali, ambavyo vilizidi 4,500, Wakongo walikuwa watatu.

Mwezi wa Julai askari waliasi, na maelfu ya watumishi Wabelgiji wakaondoka nchini kwa siku chache. Babu alifika kazini asubuhi moja akakuta funguo juu ya meza ya bwana wake, na bwana hayupo. Juma lile akapewa chumba, kiti, na sanduku la mihuri. Alitusimulia jambo hilo mara nyingi, wala hakujisifu hata kidogo. Alikuwa akisema: "Tulijua kuandika barua vizuri kuliko wao. Tusichokijua ni kwa nini barua inaandikwa." Serikali mpya ilifungua shule ya taifa ya sheria na utawala huko Leopoldville mwaka 1961 ili kuziba pengo hilo. Babu alitamani sana kwenda. Lakini Leopoldville ni mbali, safari ya mto zaidi ya kilometa 1,700, naye alikuwa na watoto saba.

Kisha ukaja mwaka 1964. Mwanzoni mwa Agosti wapiganaji walioitwa Simba waliuteka mji, nao walikaa mpaka tarehe 24 Novemba, askari wa miavuli wa Kibelgiji waliposhuka. Katika miezi ile makarani, walimu, na kila aliyejulikana kuwa mtu wa ofisi walitafutwa. Waliitwa PNP, kwa jina la chama kilichokuwa kimechukiwa, na wengi wakauawa mbele ya mnara wa Lumumba, watu wakitazama. Babu alizika karatasi zake zote chini ya migomba, akavaa nguo za shamba, akakaa kwa mashemeji zake njia ya Ubundi. Sasa sikilizeni, ndugu wasomaji. Watu wengi husimulia mambo hayo kana kwamba ulikuwa wazimu mtupu ulioshuka kutoka mwituni. Babu hakusimulia hivyo. Mauaji aliyaita mauaji, na aliwalilia rafiki zake mpaka kufa kwake. Lakini alisema pia kwamba kati ya wale vijana wenye mikuki alitambua nyuso: ni watu waliokuwa wakisimama mstarini mbele ya dirisha lake, wakaambiwa warudi kesho.

Neno hilo la "rudi kesho" sikulisahau. Nami nilipoingia kazini nililisikia likisemwa kila siku.

Chuo Kikuu chetu nacho kilizaliwa katika misukosuko hiyo hiyo. Kilianzishwa na Waprotestanti mwaka 1963 kwa jina la Chuo Kikuu Huru cha Kongo. Mwaka uliofuata vita vilikihamishia Leopoldville kwa muda, halafu kikarudi. Mwaka 1971 Mobutu aliviunganisha vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi kuwa kimoja, na kila mji ukagawiwa vitivo vyake. Mambo ya jamii na siasa yalipelekwa Lubumbashi, ikawa kijana wa hapa mwenye kutaka kusoma utawala lazima akapande ndege au treni kwenda kusini. Mwaka 1981 vyuo vilitenganishwa tena. Kwa hiyo mimi niliweza kusoma kwa baiskeli, na hiyo ni neema ambayo babu hakuipata.

Niliajiriwa mwaka 2007 katika komini moja ya mji wetu. Mji una komini sita, nami sitasema ni ipi. Niliwekwa kwenye daftari za vizazi, ndoa na vifo. Nilipewa barua ya kuwekwa kazini, yenye sahihi na mhuri, lakini sikupewa matrikule, yaani nambari ya kudumu ya mtumishi wa serikali. Na pasipo matrikule mshahara hauji. Watu wa namna yangu Kongo nzima ni wengi sana. Jina letu kwa Kifaransa huitwa nuveli inite, maana yake watumishi wapya, hata kama mtu amekuwa mpya kwa miaka 12. Faili ya kuomba nambari huenda Kinshasa, nayo ikifika huko haijulikani inalala chumba gani. Kuna kichekesho kimoja cha historia ambacho mwalimu wetu alipenda kukisema. Mwaka 1887 Mfalme Leopold alimfanya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa Zanzibar, kuwa liwali wa Stanley Falls, ndiyo hapa petu, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Basi darasa zima likacheka: mtumishi wa zamani kabisa wa dola katika mji huu alikuwa na mshahara wake ulioandikwa!

Sisi tuliishi kwa mikono ya mke wangu, aliyelima muhogo ng'ambo ya Lubunga akauza sombe, na kwa kazi yangu ya jioni ya kutengeneza baiskeli za toleka, mpaka pikipiki zilipoziondoa barabarani. Sitaki kujifanya mtu wa juu kuliko nilivyo. Niliporudi shuleni nilitaka cheo. Mwenye lisansi huingizwa kazini kwa daraja la juu kuliko mwenye gradua, na nilidhani kwamba faili yenye karatasi nzito itashuka chini ya rundo kwa shida zaidi kuliko faili nyepesi. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na nafikiri ndiyo ya wenzangu wengi. Sababu nyingine zilinijia baadaye, nikiwa darasani.

Tulisoma Fayol, yule mhandisi Mfaransa wa migodi, ambaye mwaka 1916 aliandika kwamba kutawala ni kutazamia, kupanga, kuamuru, kupatanisha kazi na kukagua. Kila mwanafunzi wa Kongo huyajua maneno hayo matano kama mtoto ajuavyo siku za juma. Mimi yalinipendeza lakini hayakuniuma. Aliyeniuma ni Mjerumani, Max Weber. Yeye aeleza kwamba ofisi ya kisasa husimama juu ya mambo fulani: kanuni zilizoandikwa, mafaili yanayotunzwa, mtumishi aliyechaguliwa kwa elimu yake, analipwa mshahara wa fedha, na hawezi kuifanya ofisi kuwa mali yake. Profesa alituambia tufumbe vitabu, kila mmoja aiwaze ofisi anayoijua, kisha afute lisilokuwapo. Walikuwapo wenzangu kutoka Isangi, Opala, Basoko, na mmoja wa Bafwasende aliyekuwa katibu wa sekta. Kulikuwa kimya kirefu. Yule wa Bafwasende akasema: "Profesa, nimebakiwa na mti ambao tunakaa chini yake." Tulicheka, lakini profesa hakucheka. Akasema, vema, sasa tunaweza kuanza somo: ofisi isiyo na mshahara, isiyo na karatasi, wala haifi, inasimama juu ya nini? Mtu aliyeandika habari za Ujerumani hakupata kuulizwa swali hilo.

Somo la ugatuzi wa madaraka lilituchukua muda mrefu, na ndilo lililotugombanisha zaidi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 yasema kwamba nchi itakuwa na mikoa 26, na katika ibara ya 175 yasema kwamba sehemu ya mikoa katika mapato ya taifa ni asilimia 40, inayokatwa pale pale penye chanzo. Mikoa ilikatwa kweli mwaka 2015. Ile Orientale kubwa ikawa minne, yaani Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele. Ile asilimia 40 haikukatwa kama ilivyoandikwa. Wengine walidai kwamba kugawa mikoa pasipo kugawa fedha ni kuzidisha milango tu, nyumba ikibaki ile ile. Wengine walijibu kwamba hata mlango ni kitu, kwa mtu ambaye zamani alitembea siku nane kuutafuta. Mimi nilikuwa wa kundi la pili, na bado niko humo, ingawa si kwa furaha.

Mwezi wa Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa kwa sababu ya korona, tukakaa mpaka Agosti. Niliutumia muda ule kuwaza kitabu changu cha mwisho wa masomo, ambacho sisi huita memwari. Wanafunzi wengi wa utawala huchagua vichwa vikubwa: Serikali na maendeleo, utandawazi na taifa, na kadhalika. Mimi nilichagua dirisha langu mwenyewe. Nami niliyechochea uchaguzi huo namjua. Ni mama mmoja wa Lubunga.

Mama huyo alikuja mwezi wa Septemba 2019, ule mwezi ambao serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo, na wazazi waliokuwa wamekata tamaa wakaleta watoto shuleni kwa wingi. Alimshika mkono mtoto wa kiume wa miaka sita. Mwalimu mkuu alikuwa amemwagiza cheti cha kuzaliwa. Sasa sheria yasemaje? Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda watoto yampa kila mtoto haki ya kuandikwa bure katika siku 90 za kwanza. Siku hizo zikipita, karani hana ruhusa tena ya kuandika. Mzazi lazima apate kwanza hukumu ya mahakama. Mahakama yataka mashahidi, yataka safari, na hata pasipo mtu kudai zawadi yataka fedha ambazo muuza sombe hana. Nilimwuliza mama kwa nini hakuja mapema. Alisema karatasi ya maternite ilizuiwa kwa sababu ya deni la kuzalia, na alipokuja kulipa, mtoto alikuwa amekwisha kuota meno. Nikamweleza habari ya mahakama kwa upole niwezavyo. Akanitazama, akamsukuma mtoto mbele kidogo, akasema:

"Papa karani, mtoto yuko hapa, unamwona. Mahakama itaona nini zaidi?"

Sikuwa na jibu. Jioni ile niliandika maneno yake kwenye daftari la shule, na profesa aliyeniongoza alipoyasoma akasema kwamba hayo ndiyo swali la memwari, nisiongeze kitu.

Nilianza kwa kufungua daftari kuukuu za vizazi, moja moja, Jumamosi baada ya salongo, ofisi ikiwa tupu. Karani mzoefu hahitaji kipimo cha maabara. Niliona kurasa za miaka iliyopita ambazo mstari wa mwisho umebanwa chini kabisa, kwa wino mwingine, kwa mwandiko mwingine, mtoto akiandikwa kuwa ameletwa katika siku 90 wakati kwa hakika aliletwa akitembea kwa miguu yake. Makarani walikuwa wakiacha nafasi tupu chini ya ukurasa kama mama awekavyo akiba ya chumvi. Sheria ingeita jambo hilo uwongo wa maandishi. Mzazi huliita msaada. Na karani asiye na mshahara huliita siku ya kula. Majina matatu ya tendo moja: nilikaa nalo miezi, maana kila mmoja wa watatu hao nilimjua kwa sura, wala sikumwona kati yao aliyekuwa adui wa watoto.

Kwa kulinganisha, niliomba ruhusa kutazama namna daftari za ubatizo zinavyotunzwa parokiani. Mapadri wa Moyo Mtakatifu walianzisha misioni ya Mtakatifu Gabrieli hapa mwaka 1897, wakiongozwa na Padri Gabriel Grison, na tangu enzi hizo Kanisa limeandika watu wake. Nilichojifunza hapo si jambo la dini, ni jambo la ofisi. Kila ubatizo una nambari inayofuata nyingine, hapaachwi mstari mtupu, na ukingoni mwa ukurasa hutiwa baadaye habari ya kipaimara na ya ndoa, hata maisha ya mtu yasomeke mahali pamoja. Zaidi ya hayo, katika ubatizo mwandishi na mtoto wapo pamoja penye tendo lenyewe. Hapana mtu anayeambiwa aondoke arudi na ushahidi kwamba mtoto amepata maji. Ndiyo maana watu wengi hutuletea kadi ya ubatizo dirishani badala ya cheti cha serikali. Lakini Kisangani si mji wa Wakatoliki peke yao. Wapo Waislamu tangu siku za Tippu Tip, wapo Wakimbangu, Waprotestanti, na wasio na kanisa lolote. Daftari ya Leta ndiyo pekee inayopaswa kuwatosha wote.

Hapo profesa alinitupia swali dogo ambalo lilinigharimu sura nzima: "Daftari yenyewe, nani huinunua?" Nilicheka, kisha nikaona sijui kitabu chochote cha chuo kinachojibu. Nikafuata njia ya daftari kama mtu afuatavyo kijito. Kumbe, daftari zilizochapwa zikiisha, mpya huchelewa kufika. Basi karani hununua madaftari ya shule dukani, hupiga mistari kwa rula, hupeleka kwa mkubwa ayatie mhuri. Fedha ya kununulia hutoka mfukoni mwake. Na mfuko ule hujazwa na wanaokuja dirishani, kwa jina la "pesa ya karatasi". Hivyo tendo ambalo sheria yaliita bure lina bei, na bei hiyo haikutungwa na mtu mwovu; ilizaliwa pale daftari ya kwanza ilipokosekana. Nikaelewa neno la babu. Tulijua kuandika barua. Tusichokijua ni nini kinachoishika barua isianguke.

Mtu atasema, kuna mambo makubwa zaidi ya cheti. Labda. Lakini nchi yetu haijahesabu watu wake tangu sensa ya mwaka 1984. Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho, nayo hupewa mtu mzima tu. Na liko jambo lingine la hapa hapa. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana katikati ya mji wetu kwa siku sita, mizinga ikianguka juu ya nyumba za watu. Tarehe 9 Februari 2022, mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo yangu, Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague iliamuru Uganda iilipe Kongo fidia ya dola milioni 325, na mfuko wa kuigawa fidia hiyo una makao yake Kisangani. Tangu hapo watu wamekuja dirishani kuuliza karatasi za waliokufa miaka 22 kabla. Mzee mmoja alitaka cheti cha kifo cha binti yake. Binti hakuandikwa alipokufa, maana mji ulikuwa ukiwaka. Na hakuandikwa alipozaliwa. Kwa Leta binti huyo hakuja wala hakuondoka. Mzee alikaa kwenye benchi letu mpaka saa tisa, hana hasira, anashika picha moja iliyoliwa na mchwa pembeni.

Nililinda memwari yangu mwaka 2021. Nilipendekeza jambo moja tu, ambalo sheria yaliruhusu tayari: daftari itoke dirishani, iende kwenye maternite siku moja kwa juma, mama aandikiwe mtoto akiwa bado kitandani, kabla ya deni na mvua na siku 90. Wale watatu wa baraza walinisikiliza vema. Kisha mmoja, mtu mkali lakini wa haki, akauliza: "Karani asiyelipwa atakwenda maternite kwa miguu ya nani?" Nikajibu kwamba kwa miguu yake mwenyewe, kama anavyokuja kazini sasa, tofauti ni kwamba huko atawakuta watoto, na dirishani huwakuta vijana wa darasa la kwanza. Ukumbi ulicheka, yeye akaandika kitu kwenye karatasi yake, nami nikapewa alama ya kunitosha. Mke wangu alipika kuku. Cheti changu kipya nilikiongeza kwenye faili ya matrikule, nikaipeleka tena Kinshasa kwa mkono wa msafiri mwaminifu, na ninapoandika haya nambari bado haijarudi.

Nakala moja ya memwari nilimpa mkuu wangu wa ofisi. Kwa muda niliiona juu ya meza yake chini ya chupa ya chai, nikasema moyoni kwamba angalau inashikilia kitu. Lakini baada ya Pasaka aliniita, akafungua sura ya tatu, akaniuliza kama kweli sheria inaruhusu. Nikamwonyesha ibara. Akasema: "Jaribu Jumanne. Usiniletee deni la pikipiki."

Basi kila Jumanne naenda kwenye maternite moja ya karibu, na daftari ndani ya mfuko wa nailoni kwa sababu ya mvua. Shida hazikosi, nazo si zile nilizoziandika katika memwari. Wauguzi wengine walidhani nimekuja kukagua hesabu zao. Baba wengi hawapo. Na wiki iliyopita mama mmoja kijana, mtoto wake wa kike ana siku tatu, alikataa katakata kunipa jina. Alisema jina hutolewa na shangazi wa baba, naye shangazi yuko Yangambi, anangojewa kwa mtumbwi wa mizigo. Nilimweleza habari za siku 90. Akahesabu kwa vidole, akaniambia zatosha, shangazi hachelewi hivyo. Nikaandika jina la mama na la baba, tarehe na saa ya kuzaliwa, nikaacha nafasi ya jina kwa kalamu ya risasi. Tumepatana nirudi Jumanne.